Ng'ombe Wasioandikwa

Mimi si mtu mpole, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ni mpole. Nimekulia Kamunyonge, Musoma mjini, katika nyumba ambayo kila mlo ulikuwa na ubishi wake, na aliyekula kimya aliulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo niliposimama kwa mara ya kwanza mbele ya kidato cha tatu, katika shule ya kata iliyo kando ya barabara ya kwenda Butiama, nikauliza swali kuhusu hadithi tuliyotoka kusoma, na darasa zima likanikodolea macho bila kusema neno, nilidhani wamenisusa.

Hawakunisusa. Walikuwa wananingoja. Daftari zilikuwa wazi na kalamu ziko tayari, wanasubiri nitoe jibu waliandike. Nikawaambia nataka kusikia wao wanaonaje. Wakaandika hilo. Mwishowe mkono mmoja ukanyooshwa, moyo wangu ukaruka kwa furaha, na mwenye mkono akauliza kwa adabu kama hiyo niliyosema ni pointi ya kwanza au bado tuko kwenye utangulizi.

Fasihi kwao ilikuwa kitu cha kumeza. Kulikuwa na madesa, karatasi zilizotolewa kopi mjini mpaka herufi zimefifia, na ndani yake kila hadithi ilikuwa imeshachinjwa na kukatwakatwa: dhamira hapa, ujumbe pale, wahusika na tabia zao. Baba ana tamaa. Mama ni mnyonge. Binti ni jasiri. Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini baba ana tamaa, anakujibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na anakuangalia kwa huruma kidogo kwa sababu wewe ni mwalimu na ulitakiwa ujue.

Ilinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Hadithi zilinilea mimi. Nilisoma nikichochea uji, nikipigwa kofi la kisogoni kwa kuunguza uji, nikaendelea kusoma. Kuwaona watoto wenye akili zao wakiitafuna hadithi kama dawa ya minyoo kulinitia hasira ya kweli.

Nilijaribu kuwagawa katika vikundi. Mmoja aliandika, mmoja alimwangalia anayeandika, waliobaki walizungumzia mpira. Nikajaribu mdahalo, na hapo nikapata kelele za kutosha wilaya nzima. Kila msemaji alianza kwa kumsalimu mheshimiwa mwenyekiti, mheshimiwa katibu na mtunza muda makini, kisha akasema kile alichokuja nacho kutoka hosteli, hata kama mwenzake alishakisema. Bingwa alikuwa kijana mmoja wa Murangi, mtoto wa wavuvi, mwenye sauti ya kuita watu walio mbali majini. Alishinda kila mdahalo. Siku moja nilimwuliza mpinzani wake alikuwa amesema nini. Akafikiri, akasema kwa unyoofu kabisa, "Madamu, mimi wakati huo nilikuwaga najipanga."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Darasa zima lilikuwa linajipanga. Waliokuwa kimya walijipanga kuandika, waliopiga kelele walijipanga kusema, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anasikiliza.

Dawa niliipata mahali ambapo sikuitafuta. Likizo fupi ya katikati ya muhula nilikwenda Butiama, kwa baba mdogo, binti yake anatolewa mahari. Kwenye ukoo wetu kikao cha mahari kina utaratibu ambao tangu utotoni niliuona kuwa ni wa kuchosha tu. Mtu wa upande huu hamjibu mtu wa upande ule papo kwa papo. Kwanza msemaji wa upande wake anayarudisha maneno yaliyosemwa, mbele ya wote, na mwenye maneno lazima akubali kwamba ndivyo alivyosema. Akikataa, yanarudishwa upya. Ndiyo maana soda hupata moto na wali hupoa.

Siku hiyo shangazi yangu, dada yake baba, aliingia kudai kilicho cha mama wa binti. Shangazi ni mtu ambaye nikimwangalia najua ulimi wangu nimeutoa wapi. Akasema alilosema. Msemaji wa wakwe, bwana mmoja mtanashati aliyekuja na gari kutoka Bunda, akayarudisha: shangazi anadai blanketi.

"Sikusema hivyo," shangazi akasema, wala hakupandisha sauti.

Bwana akajaribu tena: shangazi anaomba blanketi. Sikusema hivyo. Watu wakaanza kujikohoza. Mara ile bwana akaacha kutabasamu, akamwomba shangazi ayaseme tena, na nikamwona ameinamisha kichwa, anasikiliza hasa. Kisha akasema, polepole, kwamba shangazi amesema mama wa binti huyu alipigwa na baridi nyingi akimlea. Shangazi akasema, "Ndivyo." Na cha ajabu, hakuna aliyebishania blanketi. Lilitoka, tena jipya, na juu yake wakaongeza shuka. Ukishatamka baridi ya mtu kwa mdomo wako mwenyewe, ni vigumu kuanza kupatana bei.

Nilirudi Musoma na nyama yangu kwenye mfuko, nikicheka peke yangu kwenye kiti cha gari. Jirani yangu alisogea kidogo.

Jumatatu niliwapanga watoto kwa mduara, viti vikigusana na kuta, nikawapa sheria. Kila anayetaka kujibu atamrudishia kwanza mwenzake maneno yake, na mwenzake lazima akubali. Asipokubali, rudisha tena. Ukishindwa, kaa chini, zamu yako imekwenda. Na ukidai jambo lolote kuhusu hadithi, tuonyeshe ukurasa. Walicheka sana, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuelezwa ule ni utaratibu wa wapi. Walishaupitia wote, wamekaa nje ya vikao vya kaka na dada zao wakingoja wali.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kijana wa Murangi alikaa chini kila aliponyanyuka. Hakuweza kurudisha hata sentensi moja, kwa sababu alizoea kujipanga. Nilimwona akitoka jasho. Wiki ya pili alianza kukunja uso mwenzake akisema, kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya, na siku aliporudisha maneno mara moja tu na kuambiwa "Ndivyo", alinyoosha mikono juu kama aliyefunga goli. Baada ya hapo hakukosa tena. Na sauti yake, Mungu ni mwema, ilishuka.

Ndipo tukafika kwenye hadithi ya binti anayeondoka. Ni hadithi fupi katika kitabu chetu cha kiada. Binti amemaliza shule, baba yake amekubali posa, na alfajiri moja binti anapanda basi bila kuaga. Kuna mama, kuna mwenye kuposa ambaye hatumwoni, na kuna kaka wa binti, aliyekaa mlangoni akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Madesa yalishasema: baba ana tamaa, binti jasiri. Kaka hakuwemo kabisa katika madesa.

Darasa lilianza kubishana kuhusu ng'ombe. Wengine walisema ni wengi, wengine wakasema kwa binti aliyesoma ni wachache hao, na mtoto mmoja akaanza kueleza ng'ombe wa mama ni yupi na wa mjomba ni yupi. Niliwaacha kidogo, kisha nikawauliza ukurasa. Kurasa zikafunuliwa mbele na nyuma. Hadithi ile imeandikwa na mtu wa pwani, na ndani yake hakuna ng'ombe hata mmoja, hata mkia. Kuna neno mahari tu, basi. Darasa zima lilikuwa limepeleka ng'ombe pwani.

Mwalimu mwingine angewasahihisha na kusonga mbele, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini binti mmoja anayekaa dirishani, ambaye tangu nimfahamu alikuwa ameongea kwa kutikisa kichwa tu, alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Madamu, ng'ombe wapo. Hawajaandikwa tu."

Wakamcheka. Nikawanyamazisha, nikamwomba ukurasa. Akausoma. Ni mahali ambapo baba ametoka kukubali posa, anapita mlangoni, anamwambia mwanawe wa kiume maneno machache tu: na wewe sasa utajenga. Niliusoma mstari ule miaka mingi na sikuwahi kusimama hapo. Nilidhani mzee anazungumzia tofali. Watoto wa Mara, ambao kwao kujenga ni kuoa, hawakuhitaji hata dakika moja. Ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kumwolea kaka mke. Baba hauzi binti ili ajaze tumbo lake, anamtafutia kijana wake mke. Binti akipanda basi, kaka anabaki mlangoni na baiskeli yake, bila mke na bila nyumba. Walikuwa wamekosea kuhusu ng'ombe, na kosa lao likawafungulia mstari ambao mimi mwenye shahada ulinipita.

Darasa lililipuka. Walirudishiana maneno kwa kasi, "ndivyo", "sikusema hivyo", "ndivyo", wakipiga meza, na mimi nimesimama katikati nikiwa na furaha ya kutaka kulia.

Katika kelele hizo ndipo mkuu wa shule alipopita dirishani.

Mkuu wetu ni mtu wa Bunda, mwalimu wa hesabu, msafi, chaki yake imefungwa kwa karatasi ili isichafue vidole. Ni mtu wa haki, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma. Aliniita ofisini akaniuliza kama ni kweli amesikia kipindi cha Kiswahili kikibishania ng'ombe. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama hao ng'ombe wako kwenye kitabu. Nikasema hawamo. Akavua miwani. Wazazi wamelalamika, alisema, daftari za watoto ni tupu. Mkondo wa pili, unaofundishwa na mwenzangu kwa kutumia madesa, umeshamaliza kitabu na unarudia. Alhamisi angekuja kukaa katika kipindi changu, na kama angekuta kelele badala ya somo, watoto wangu wangehamishiwa kwa mwenzangu, wapewe notisi, na mimi ningerudi kidato cha kwanza kufundisha insha.

Niliogopa, na uoga wangu hutoka kama hasira, kwa hiyo jioni hiyo kule Kamunyonge niliosha vyombo kwa kuvigonga mpaka mama akaniuliza vimenikosea nini. Sikuogopa kidato cha kwanza. Niliogopa wale watoto kurudishiwa kalamu zao na kuambiwa wangoje. Yule binti wa dirishani alikuwa amesema sentensi moja tu tangu aje shuleni. Akinyamazishwa sasa, nilijua hangesema nyingine.

Alhamisi mkuu aliingia, darasa likasimama, likasalimu, likakaa kama maiti. Akakataa kiti nilichomwekea kwenye kona, nyuma ya mduara, kwa sababu kutoka pale asingeona daftari, akakivuta akakaa kwenye mduara wenyewe, kati ya watoto. Nilisoma sheria zetu kwa sauti, nikarudia swali la mwisho: nani kapoteza zaidi binti alipopanda basi?

Hakuna aliyenyanyua mkono.  Nikamtazama kijana wa Murangi, naye akatazama sakafu. Ukimya ule wa siku yangu ya kwanza ulikuwa umerudi mzima mzima, na mkuu alikuwa ameshaanza kuandika kitu kwenye karatasi yake.

Kisha binti wa dirishani akanyoosha mkono. Hakusimama vizuri, alishikilia meza. Alisema kila mtu hapa amemwonea huruma kaka kwa sababu amekosa mke, yeye pia alimwonea, lakini amesoma tena. Akataja ukurasa. Baba anasema na wewe sasa utajenga, na kaka hajibu kitu. Anaendelea na mnyororo. Hadithi nzima kaka hana hata neno moja. "Binti hakuulizwa, tunajua," alisema. "Lakini na kaka hakuna aliyemwuliza."

Kabla mtoto yeyote hajanyoosha mkono, mkuu aliinua kichwa chake kutoka kwenye karatasi.

"Hapana, hapana," alisema. "Huyo kaka mnamwonea. Kaka ana haki yake, ndivyo inavyokuwaga tangu zamani."

 Nikasikia sauti ya kijana wa Murangi, ya chini, yenye heshima zote alizofundishwa kwao. "Samahani, Mkuu. Hapa kwetu, kabla hujajibu, unamrudishiaga kwanza maneno yake."

Mkuu alinitazama. Ningeweza kumwokoa, ningesema mkuu ni mgeni, sheria haimhusu. Nikapata ghafla kazi kubwa ya kuangalia kitabu changu.

Akakohoa. Akasema binti amesema kaka ndiye aliyemponza dada yake.

"Sikusema hivyo, Mkuu," binti akasema, bado ameshikilia meza.

Akasema, basi binti amesema kaka hataki mke.

"Sikusema hivyo. Sijui kama anataka au hataki. Hakuna anayejua."

Sijui mwingine angefanya nini. Mwingine angekasirika, angesema muda umekwisha. Mkuu wetu alifanya kile nilichokiona kwa yule bwana mtanashati kule Butiama. Aliinamisha kichwa, akamwomba binti aseme tena, na safari hii alisikiliza. Binti akasema. Mkuu akayarudisha, neno baada ya neno, kwamba baba alisema utajenga, na kaka hakujibu, na hakuna mtu aliyemwuliza kaka.

"Ndivyo," akasema binti.

"Sasa unaweza kujibu, Mkuu," kijana wa Murangi akamkaribisha.

 Mkuu alikuwa na karatasi yake mkononi na alikuwa akiikunja.

"Hata mimi sikuulizwa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Alisema alioa kwa ng'ombe wa dada yake. Ng'ombe walipoingia zizini aliambiwa tu kwamba na yeye sasa atajenga, akajenga, na anampenda mke wake, hilo lisieleweke vibaya. Lakini dada yake aliolewa angali mdogo, na kila wanapoonana kuna jambo ambalo yeye na dada yake hulizunguka, na miaka yote alidhani analizunguka dada peke yake. Alisema hayo kwa lugha ya kawaida kabisa, kama anavyoeleza kanuni ubaoni.

Na hapo ndipo nilipojua tumeshinda, kwa sababu mikono ilinyanyuka. Haikunyanyuka kwa woga wala kwa umbea. Mtoto mmoja alipewa zamu, akamgeukia mkuu wa shule yake, akasema, "Mkuu umesema na wewe hukuulizwa, na ulidhani ni dada tu anayelizunguka." Mkuu akaitikia, "Ndivyo." Mtoto akaendelea na hoja yake, akataja ukurasa, na mkuu akafunua kitabu cha jirani yake kuutafuta. Mjadala ukasonga naye ndani yake kama mtu mwingine yeyote. Alirudishiwa maneno, alirudisha ya wenzake, mara moja aliambiwa sikusema hivyo na akakubali. Binti wa dirishani alisema tena, na tena, na mara ya mwisho alisimama bila kushika meza. Kengele ya chai ililia na hakuna aliyetoka. Sijawahi kuona hilo, na chai ya siku hiyo ilikuwa na mandazi.

Walipotawanyika niliingia stoo ya vitabu, nikafunga mlango, nikapiga kigelegele kimoja kirefu. Nilistahili.

Uamuzi mkuu aliutoa siku hiyo hiyo kwenye korido, kwa haraka ya mtu anayetaka kurudi kwenye hesabu zake. Watoto watabaki kwangu. Kuhusu daftari, niwape nusu kipindi waandike wenyewe yale waliyobishania, ili wazazi waone wino. Na mwenzangu wa mkondo wa pili aje kukaa kwenye mduara. Karatasi yake aliiacha juu ya kiti. Niliifungua: alikuwa ameandika neno "kelele" na kulipigia mstari, halafu hakuandika tena.

Jumatatu alinikuta ofisi ya walimu nikisahihisha. Alisimama karibu na meza yangu akipanga chaki ambazo hazikuhitaji kupangwa. Akasema Jumamosi alikwenda Bunda kwa dada yake. Walikaa jikoni, akamwuliza lile jambo, na dada yake akazungumza mpaka ugali ukapoa. Nilimwuliza yeye alimjibu nini.

"Sikumjibu," mkuu alisema. "Nilimrudishia maneno yake. Alikataa, nikarudia, akakataa. Nimekuja kupatia jua limeshazama." Akaiweka chaki ya mwisho kwenye boksi. "Akasema ndivyo."